Gunnvor, msafisha mabasi anayepima msitu kwa vikombe vya kahawa

Saa sita mchana, Jumapili ya tatu ya Septemba. Mvua ni ya rasharasha, ile isiyomzuia mtu wa Skardal kutoka nyumbani kwake. Pale lami inapoishia na msitu unapoanza, kwenye kibanda cha turubai la kijani, Gunnvor Tveitan amekiinamia kikapu cha watu walioleta uyoga wao ukaguliwe kama una sumu. Anatoa uyoga mmojammoja, anaupindua, anaunusa, anauweka kando.

Mara mkono unasimama. Anachomoa uyoga mweupe, mdogo, mzuri wa kutazama, na kuukagua shinani.

"Huu mliuokota wapi?"

Bwana na bibi wenye kikapu wanatazamana. "Msituni," bwana anajibu.

"Msitu nao ni mkubwa."

"Mkubwa kweli," bwana anakubali, na haongezi neno.

Foleni inacheka chinichini. Huku mtu atakusimulia siri za ndoa yake kabla hajakwambia anakookota uyoga.

Gunnvor hacheki. "Basi nisikilizeni. Huu ukiula, kesho kutwa huna ini. Na umelala humu na wenzake, umewasugua wote. Kikapu chote kinakwenda pipani."

"Chote? Toka saa mbili asubuhi tunaokota!"

"Chote. Na kikapu chenyewe mkakioshe kwa maji moto. Haya, poleni, pigeni kahawa."

Kahawa inamiminwa na Oddleiv Kjosvik, fundi umeme mstaafu wa miaka sabini na minne, mwenye kofia ya sufu isiyovuliwa hata Julai. Wale wawili wanapokea vikombe, mmoja wao bado amenuna. Gunnvor anaandika aina za uyoga kwenye simu. Kisha anavuta daftari lililo gotini na kuchora vijiti viwili pembeni mwa ukurasa, kijiti kimoja kwa kikombe kimoja.

Vijiti hivyo nusura viishe motoni. Na kama vingeisha, Gunnvor leo asingekuwa kwenye meza hii.

Ana miaka sitini na mmoja. Siku za kazi, saa kumi na moja alfajiri huwa yuko kwenye yadi ya mabasi, na ndoo na deki, na kabla watu hawajaamka anakuwa ameshasafisha mabasi kumi na manne. Hulipwa krone mia mbili na tano kwa saa. Jumapili za msimu wa uyoga chama cha waokota uyoga humpa krone mia tano kwa siku nzima, na nusu yake hunywewa na gari.

"Kwenye basi naokota walichodondosha watu. Huku nakagua walichookota," anasema. "Kazi ni ileile, kuinama."

Mtihani wa ukaguzi wa uyoga alianguka mara ya kwanza. Mara ya pili, mwaka 1995, alipita, na tangu hapo hajakosa Jumapili hata moja ya msimu, isipokuwa moja alipokuwa anamzika mama yake. Kila uyoga uliopita mezani ameuandika: aina gani, siku gani, na pale mwenye kikapu alipokubali kusema, upande gani wa mji.

Vijiti vya kahawa vilianza mwaka huohuo wa kwanza, tena kwa ugomvi. Jumapili moja, saa nane mchana, chupa zilikuwa zimekauka na watu wakanung'unika kuliko waliotupiwa uyoga. Chama kikaamuru vikombe vihesabiwe, ili Jumapili inayofuata Oddleiv ajue abebe chupa ngapi. Na sheria ya kibanda ikawa moja: ukiingia kwenye foleni, unapewa kikombe. Hata asiyekunywa kahawa hupewa akishike, apashe mikono.

"Hatukuwa tunafanya sayansi," anasema Gunnvor. "Tulikuwa tunaogopa kelele."

Sasa tuje kwenye kilichomkosesha usingizi.

Kuna uyoga ambao watu wa hapa huuita rimsopp, uyoga wa sakitu, kwa kuwa kofia yake huonekana kama imepigwa na baridi ya alfajiri. Ni chakula cha kila nyumba. Hukaangwa kwa siagi, huliwa juu ya mkate, na aliye nao mwingi huuhifadhi kwa majira ya baridi. Zamani hakikupita kikapu bila huo. Lakini kuanzia mwaka 2010 hivi, Gunnvor alianza kusema kwamba uyoga wa sakitu unapungua.

Oddleiv hakukubali hata siku moja.

"Uyoga haujapungua, Gunnvor. Kilichopungua ni macho yako. Kanunue miwani."

Ilikuwa mzaha, na watu walicheka. Lakini mzaha wa Oddleiv ulimwingia. Akanunua miwani. Mwaka uliofuata akabadilisha. Akabadilisha tena.

"Mkaguzi asiyeona vizuri ni hatari," anasema, na hapo sauti yake inashuka. "Nikikosea mara moja tu, mtu anakufa. Nikaanza kujiuliza: ni msitu umebadilika, au ni mimi? Sikuwa na wa kumuuliza."

Majira mawili ya baridi, mpaka mwanzoni mwa 2022, Gunnvor na Oddleiv walikaa kwenye meza ya jikoni wakiingiza madaftari ishirini na saba kwenye hazina ya taifa ya kumbukumbu za uyoga. Kumbukumbu elfu thelathini na nane. Vijiti vya pembeni hawakuviingiza. Kahawa nani anaitaka?

Kazi ilipoisha, Gunnvor mwenyewe aliyafunga madaftari kwa kamba na kumpa Oddleiv ayapandishe kwenye kijumba cha chama huko mlimani, yatiwe kwenye sanduku la kuwashia jiko. Karatasi kavu huku haitupwi.

Februari mwaka huu akaja Eskil Rønnestad. Ana miaka thelathini na mitatu, ni mtafiti wa chuo kikuu, mrefu, mwenye adabu, na ambaye Oddleiv anasema anakunywa kahawa kama anapewa dawa. Eskil hukaa na mamilioni ya kumbukumbu kutoka nchi nzima, zilizoandikwa na watu kama Gunnvor, akitafuta namna misitu inavyobadilika: uyoga gani siku hizi unachelewa kuchipuka, upi unapanda mlima kukimbia joto, upi unatoweka.

"Kumbukumbu moja ni umbea," anasema Eskil. "Milioni nne ni habari."

Aliwawekea mezani mchoro wa Skardal. Mstari wa uyoga wa sakitu ulikuwa unapanda. Miaka ya mwanzo, kumbukumbu tisa kwa Jumapili. Miaka ya karibuni, kumi na nne.

Oddleiv alisema, "Si unaona?" kisha akamtazama Gunnvor usoni, akageukia birika.

"Nilijisikia kama nimepigwa kibao," Gunnvor anakumbuka. "Miaka kumi na mitatu nasema unapungua. Na mkono ulioandika kuwa unaongezeka ni wangu mwenyewe."

Lakini Eskil hakuwa amemaliza. Mstari huo, alisema, hata yeye mwenyewe hauamini. "Uyoga umeongezeka, au watu wa kuuokota wameongezeka? Hujui nyavu ngapi zilitupwa, huwezi kuwasemea samaki. Hamkuwa mnahesabu watu?"

"Hapana," wakajibu wote wawili.

Na hawakudanganya. Watu hawakuwahesabu.

Basi, Eskil akasema kwa huzuni, kumbukumbu za kibanda zitawekwa kando. Utafiti unafungwa mwisho wa Machi. Alikunja mchoro, akashukuru kwa keki, akaenda zake. Usiku huo Gunnvor aliandika barua fupi ya kuacha ukaguzi, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, aipeleke kwenye mkutano wa chama.

Jumanne alfajiri alikuwa ndani ya basi namba tisa. Dereva alilisogeza basi kidogo kumpisha mwenziwe, na kikombe cha karatasi kikabingirika kutoka kiti cha nyuma kabisa, chini ya viti vyote, kikaja kugonga ndoo yake.

"Nilikitazama kile kikombe, nikakaa," anasema. "Sijawahi kukaa kwenye kiti cha basi ninalolisafisha. Siku hiyo nilikaa."

Saa kumi na moja na nusu simu ya Oddleiv ikalia.

"Madaftari yako wapi?"

"Yapi?"

"Ya kibandani. Ishirini na saba."

"Gunnvor, wewe si ndiye uliyesema yameshaingizwa yote?"

"Oddleiv. Yako wapi?"

"Yako nilipoambiwa niyaweke," akasema. "Na nimewasha jiko majira mawili."

Jumamosi walipanda watatu, pamoja na Eskil aliyeitwa arudi, kilomita saba kwa mbao za kutelezea thelujini. Eskil alianguka mara tano, na kila mara Oddleiv alimngoja bila kusema kitu, jambo lililomtisha Gunnvor kuliko kelele zake za kawaida. Kijumbani hakuna aliyevua koti. Gunnvor alifunua sanduku na kuanza kutoa.

Yalikuwa ishirini. Yale ya miaka ya kwanza yalikuwa na majalada mazito ya kadibodi, hayashiki moto upesi. Ya mwishoni yalikuwa na majalada ya plastiki, ukiyachoma yananuka. Yaliyoliwa na jiko ni saba ya katikati, kuanzia 2008 mpaka 2014, miaka chama kilipokuwa kinanunua madaftari ya bei ya chini.

Oddleiv alikaa juu ya gogo, kofia mkononi. Ndiyo, alikuwa ameivua.

"Yale membamba yanashika vizuri," akasema.

Gunnvor aliwasha jiko kwa magome ya mti, na wakakaa kuhesabu vijiti, maana kila kijiti ni mtu aliyepita kwenye foleni.

Mwanzo tu Eskil akakwama. "Vingine vimesimama, vingine vimelala. Vina maana?"

"Vilivyolala ni vya Oddleiv," Gunnvor akasema. "Alikuwa anakunywa vikombe vinane kwa siku, chama kikataka vihesabiwe mbali."

"Saba," akasema Oddleiv kutoka kwenye gogo.

"Vinane. Vimeandikwa hapa."

Walihesabu mpaka giza likaingia, wakalala hukohuko, wakamaliza kesho yake mchana. Zamani vikombe vilikuwa kumi na vitano kwa Jumapili. Siku hizi ni sabini. Eskil aligawanya, akarudia kugawanya. Miaka ya mwanzo, kati ya watu mia waliokuja, sitini walikuwa na uyoga wa sakitu. Miaka ya mwisho, ishirini.

"Umepungua," akasema. "Tena sana."

Mtu angedhani Gunnvor angefurahi. Hakufurahi. Alikuwa ameshaona shimo ambalo msomi hajaliona.

"Haya yote yamepita machoni pangu," akasema. "Ya mwanzo kwa macho ya zamani, ya mwisho kwa macho haya. Utajuaje kama haukuwemo vikapuni, au ulikuwemo nami sikuuona? Miaka saba ya kati ndiyo ingesema. Kama ulishuka polepole, huenda ni mimi. Kama ulianguka ghafla, ni msitu. Macho hayaanguki kwa mwaka mmoja."

Eskil alikiri kwamba angehitaji shahidi mwingine, asiyekuwa Gunnvor, wa miaka ileile.

Kabla ya kufunga mlango, Gunnvor alifanya kinachofanywa na kila mtu anayeondoka kijumbani: alifungua kitabu cha kijumba kilicho mezani, akaandika tarehe, hali ya hewa, waliokuja na walichokifuata. Halafu, kwa mazoea tu, akarudisha kurasa nyuma. Akakutana na Septemba 2010, mwandiko wa mtu asiyemfahamu: mvua, panya chini ya kitanda, uyoga wa sakitu nusu ndoo.

Akaita, "Eskil. Njoo usome."

Kila familia hapa ina kijumba, na kila kijumba kina kitabu. Watu wa Skardal ambao kwa mdomo hawakwambii lolote, kwa kalamu wanaandika yote. Eskil alimwomba profesa wake asogeze kufunga utafiti mpaka mwisho wa mwaka, akakubaliwa. Mwezi Machi Gunnvor akabandika karatasi dukani: yeyote mwenye kitabu cha kijumba cha miaka hiyo saba, alete kibandani, kitasomwa na kurudishwa.

Karatasi ilikaa miezi mitano bila mtu kuja. Si kwa ubaya. Ndani ya vitabu hivyo ndimo zilimo siri za mahali, na mtu huweza kumrithisha mwanawe nyumba na bado akasita kumrithisha mahali pa uyoga.

Wa kwanza alikuja Agosti, Bergljot, mwalimu mstaafu. Kitabu chake alikuwa amekibana kurasa nne kwa vibanio vya nguo.

"Hapo usifungue," alimwambia Gunnvor.

"Hapo pana nini?"

"Pana mambo yangu."

"Uyoga wa sakitu upo?"

Bergljot alifikiri. "Upo. Nitakusomea mwenyewe, wewe tazama kule."

Na ndivyo ilivyofanyika, mmoja akisoma, mwingine akiutazama msitu na kuandika. Vingine vikafuata. Mpaka leo vimefika kumi na vinne, vingi vikiwa na vibanio, kimoja kimeshonwa kwa uzi. Ila havikutosha. Mmoja anaandika mwaka huu, anaruka miwili. Mwingine anaandika "uyoga" tu bila kusema upi. Gunnvor anavisoma jioni, baada ya kazi, na barua yake bado imo mfukoni mwa koti.

Sasa ni saa kumi jioni, kibanda kinafungwa. Vijiti vya leo ni sabini na vitatu, na sita vilivyolala. Gunnvor anafuta meza. Oddleiv ameshamimina mabaki ya kahawa kwenye nyasi, amepakia chupa garini, lakini haondoki. Anarudi na mfuko wa plastiki, anautua juu ya meza.

"Cha kwetu," anasema.

Si kitabu cha chama. Ni cha kijumba cha familia ya Kjosvik, jalada la ngozi, na hakina kibanio hata kimoja. Gunnvor anamtazama mwenzake wa miaka ishirini na tisa, ambaye hajawahi kumwambia hata ni upande gani wa barabara anaoingilia msituni.

Anafungua. Mwandiko ni wa Oddleiv. Kila mwaka, tarehe kumi na mbili Septemba, mahali palepale pamoja na jina lake: nyuma ya ziwa dogo la Svartputt, mteremko wa kaskazini, kwenye misonobari mitatu. 2007, uyoga wa sakitu, ndoo mbili. 2008, ndoo mbili. 2009, ndoo mbili. 2010, kofia sita. 2011, hakuna. 2012, hakuna. 2013, hakuna, nimetafuta mpaka mtoni.

Gunnvor anasoma mara mbili. Anavua miwani, anaifuta, anasoma tena.

"Ulijua," anasema.

"Nilijua pale pangu tu."

"Miaka yote hii unaniambia nikanunue miwani."

Oddleiv anaangalia viatu vyake. "Ningekwambia kweli umepungua, ungeniuliza umepungua wapi."

"Na mahali penyewe hapana kitu."

"Nilidhani utarudi," anasema. "Uyoga."

Mvua inagonga turubai. Gunnvor anasema baadaye kwamba alitaka kumtukana, tena alikuwa na tusi zuri tayari, lakini alipoutazama ule ukurasa ulio wazi, usio na kibanio, tusi likakosa mahali pa kukaa.

"Mzee mjinga wewe," anasema hatimaye. "Kaa. Mwaka kwa mwaka, nisomee."

Wanasoma, naye anaandika. Akimaliza anampigia Eskil, anamsomea tarakimu, na upande wa pili wa simu inasikika kalamu ikikwaruza. Kitabu kimoja hakimalizi mjadala, Eskil anamwambia, lakini ni shahidi mwingine, wa mwaka kwa mwaka, na ameona anguko la ghafla, mwaka uleule Gunnvor alipoanza kusema. Ndoo mbili kuwa kofia sita. Macho ya Gunnvor hayamo humo.

Kwa nini ulianguka, hakuna anayejua bado. Huenda ni joto, huenda ni mvua iliyohama mwezi, huenda ni kitu udongoni. Hilo ndilo Gunnvor analolitaka sasa. Mwakani, tarehe kumi na mbili Septemba, watakwenda watatu kwenye misonobari mitatu, na kila mwaka baada ya hapo, waandike watakachokikuta, hata kama ni hakuna. Eskil ameahidi kufanya mazoezi ya kutembea.

"Nataka kuwepo siku ukirudi," anasema Gunnvor. "Au nijue kwa nini haurudi. Nina miaka mingi ya kuinama bado."

Anafunga daftari lake, analitia kwenye begi. Kisha anapeleka mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, anatoa barua iliyokunjwa mara nne, na kumkabidhi Oddleiv.

"Ya nini hii?"

"Ya kijumbani, kwenye lile sanduku," anasema. "Ni nyembamba. Inashika vizuri."